Uji Kabla ya Mkebe: Lishe ya Mgonjwa wa Mapafu Katika Nyumba Zetu



Ndugu msomaji, katika mtaa wetu yupo mama mmoja ambaye mahamri yake yameliwa na vizazi viwili vya wanafunzi wa chuoni. Tulipokuwa wadogo tulitoka darasani asubuhi, juzuu zetu kifuani, tukaenda moja kwa moja barazani kwake kununua mahamri na mbaazi. Alipika kwa kuni, na kuni zilipoadimika alipika kwa makumbi na vifuu. Kwa zaidi ya miaka 40 aliinama juu ya moto ule, katika jiko lenye kidirisha kimoja, akasomesha watoto wake kwa kazi ya mikono yake. Hakupata kuvuta sigara hata siku moja. Hata hivyo, miaka kadhaa iliyopita daktari alimwambia kwamba ana ugonjwa sugu wa mapafu, ule ambao njia za hewa huwa nyembamba kidogo kidogo wala hazirudi kuwa kama zamani.

Baada ya Ramadhani iliyopita, mwanawe alinijia nyumbani baada ya sala ya Isha. Mkononi alikuwa na chupa ya vidonge. Akaniuliza, "Maalim, hivi vimetiwa ndani ya jelatini. Mama aweza kuvinywa?" Nilimwambia kwamba swali la namna hiyo halijibiwi mlangoni, na kesho yake nikaenda kumzuru mgonjwa mwenyewe.

Nilichokiona kilinihuzunisha. Mama yule niliyemjua akiwa na mwili wake alikuwa amebaki mifupa, na leso aliyojifunga ilimzunguka mara mbili. Kilo zake, kwa mujibu wa kadi ya zahanati, zilikuwa 41. Juu ya kabati palikuwa na mikebe minne ya unga wa lishe, baadhi yake imetumwa na bintiye anayefanya kazi Ghuba, chupa ya mafuta ya samaki, chupa ya mafuta ya habasoda, na chupa nyingine iliyoandikwa kwamba husafisha mapafu. Nilipouliza inhela yake iko wapi, mwanawe aliinamisha kichwa. Ilikuwa imekwisha wiki tatu nyuma. Pesa za mwezi zilikwisha kwenye mikebe.

Mama akasema kwa sauti ya kukatika, "Mwanangu, nikiinywa gilasi hiyo yote pumzi zanipaa, na chakula cha mchana sikitaki tena."

Jambo moja lilinichoma zaidi. Ile chupa ya habasoda aliinunua kwa mchuuzi ambaye mimi mwenyewe nilimruhusu kusimama na kuzungumza na waumini baada ya sala ya Ijumaa. Sikumuuliza atasema nini. Kwa hiyo makala haya ni nasaha kwa wasomaji, na pia ni deni ninalolilipa.

Kwa nini mgonjwa wa mapafu hukonda

Wengi wetu tukimwona mzee mwenye kikohozi anapungua mwili husema ni uzee, au hunong'ona maneno ya aibu. Ukweli ni kwamba kukonda ni sehemu ya ugonjwa wenyewe kwa wagonjwa wengi. Mtu mwenye mapafu mazima hupumua bila kujua kwamba anapumua. Mgonjwa huyu kila pumzi kwake ni kazi, mchana na usiku, na misuli ya kifua chake hula nguvu nyingi kuliko ya mtu mzima wa afya. Mwili pia huwa katika hali ya uvimbe wa ndani usiokwisha, ambao hula misuli. Pengine dawa za kumeza za jamii ya steroidi, zikitumiwa kwa muda mrefu, hudhoofisha misuli na mifupa.

Matumizi yanapoongezeka hivyo, mapato hupungua. Mapafu yaliyojaa hewa iliyokwama huusukuma chini ule ukuta wa msuli uitwao kiwambo, unaotenganisha kifua na tumbo. Tumbo likijaa chakula nalo husukuma juu. Mgonjwa akila sahani nzima hukosa pumzi, akikosa pumzi huogopa kula, na asipokula misuli ya kupumulia hudhoofika zaidi. Huo ndio mzunguko uliomshika mama yetu.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba ugonjwa huu uliua watu wapatao milioni 3.5 katika mwaka 2021, na ukawa wa nne katika sababu kubwa za vifo duniani. Madaktari wanaopima ukali wake hawaangalii pumzi peke yake. Kipimo kimoja mashuhuri, kilichochapishwa mwaka 2004, kinahesabu pia uzito wa mgonjwa kwa kulinganisha na urefu wake, kwa sababu mgonjwa aliyekonda yumo katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Kwa mtu mwenye urefu wa mita 1.55, mpaka wa kipimo hicho ni kama kilo 50. Mama yetu alikuwa chini yake kwa kilo 9.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mpime mgonjwa wako kila mwezi kwa mizani ile ile na uandike. Mtu wa kilo 50 akipoteza kilo 3 katika miezi michache bila kukusudia, usingoje. Na ikiwa kikohozi kimezidi wiki mbili pamoja na kukonda, jasho la usiku au homa, makohozi yapimwe kifua kikuu kwanza. Katika vituo vya afya vya serikali hapa Kenya matibabu ya kifua kikuu hutolewa bila malipo, na hakuna aibu yoyote katika kupimwa.

Mkebe una faida gani, na kwa nani

Sitaki nieleweke kwamba unga wa mkebe ni batili. Mwaka 2012 watafiti wa mtandao wa Cochrane walikusanya majaribio 17 yaliyohusisha wagonjwa 632 wa maradhi haya waliopewa lishe ya nyongeza. Walikuta kwamba wale waliokuwa wamekonda waliongezeka uzito, na zilikuwepo dalili za kuongezeka nguvu ya misuli ya kupumua. Faida ilionekana wazi kwa waliokonda. Mgonjwa mwenye uzito wa kutosha hana sababu ya kununua mkebe, na aliye mnene kupita kiasi huenda ukamwongezea mzigo.

Namna ya kunywa nayo ina hukumu yake. Mwongozo wa wataalamu wa lishe ya wagonjwa wa Ulaya, uliotolewa mwaka 2006, unasema kinywaji hicho kitumiwe kidogo kidogo na mara nyingi, ili mgonjwa asishibe ghafla na kukosa pumzi. Mama yetu alikuwa akipewa gilasi nzima saa sita mchana, muda mfupi kabla ya chakula. Wanawe walidhani wanamtendea wema, kumbe gilasi ile ilikuwa ikimnyang'anya chakula chake.

Mwongozo huo huo unazungumzia ile mikebe maalumu ya bei ya juu, yenye mafuta mengi na wanga kidogo, inayouzwa kwa jina la wagonjwa wa mapafu. Kwa mgonjwa aliyetulia, wataalamu hao hawakuona kwamba ina ubora wowote kuliko ile ya kawaida. Basi usiuze mbuzi ili ununue neno lililoandikwa juu ya karatasi ya mkebe.

Vidonge vya vitamini na ahadi zake

Tunadhani vitamini, hata isipofaa, haidhuru. Dhana hii iliwagharimu watu. Huko Ufini wanaume wavutaji sigara 29,133 waliingizwa katika jaribio kubwa, wengine wakipewa beta-karotini, ile rangi ya karoti inayogeuka vitamini A mwilini. Ilitarajiwa kwamba itawakinga na saratani. Matokeo yalipotolewa mwaka 1994, waliomeza kidonge hicho walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao kwa asilimia 18. Marekani nako jaribio la watu 18,314, wavutaji sigara, walioacha sigara na waliofanya kazi katika vumbi la asbesto, lilisimamishwa mapema mwaka 1996. Waliopewa beta-karotini pamoja na vitamini A walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 28, na vifo vyao vilizidi kwa asilimia 17.

Mchicha, embe na karoti havimo katika onyo hili. Onyo ni la kidonge chenye dozi kubwa kwa mtu anayevuta au aliyewahi kuvuta sigara. Mzee wako aliyeacha sigara mwaka juzi asiletewe kidonge cha namna hiyo kutoka ng'ambo kama zawadi.

Vitamini D ina habari nyingine. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019, uliokusanya majaribio kadhaa, ulikuta kwamba kwa wagonjwa wote kwa jumla haikupunguza mashambulio ya ugonjwa. Kwa wale tu waliokuwa na upungufu mkubwa katika damu, mashambulio yalipungua. Maana yake ni kwamba damu hupimwa kwanza, ndipo kidonge kikanunuliwa. Mama anayekaa ndani mwaka mzima huenda akapungukiwa hata akiishi pwani yenye jua kama letu. Lakini kumeza dozi kubwa bila kipimo hupandisha chokaa katika damu na huweza kuumiza figo.

Ama ile chupa ya kusafisha mapafu, nilimwomba mfamasia aisome. Hakukuta ndani yake dawa yoyote inayofungua njia za hewa. Mapafu hayasafishwi kwa kidonge kama birika lisuguliwavyo.

Habasoda, asali na talbina

Hapa najua baadhi ya wasomaji wataninung'unikia. Hadithi ya habasoda imepokewa katika Sahihi Bukhari na sisi tunaiamini. Asali imetajwa katika Suratun Nahl, aya ya 69, kwamba ndani yake mna ponyo kwa watu. Sipingi wala sina haki ya kupinga. Ninachopinga ni mwenye kuichukua hadithi akaifanya tangazo la biashara, akamwambia mgonjwa atupe inhela. Mtume wetu (S.A.W.) ndiye aliyetuhimiza kutafuta matibabu, na maulamaa wamesema kwamba tiba humtaka mjuzi wa tiba. Atakaye kutumia habasoda katika mkate au kijiko cha asali na afanye, baada ya kumweleza daktari wake, pamoja na dawa zake za kuvuta na wala si badala yake. Mwenye kisukari aihesabu asali kuwa sukari.

Lakini iko sunna moja ambayo wachuuzi hawaitangazi, pengine kwa sababu haina faida kubwa ya kuuzwa. Ni talbina. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, alikuwa akiagiza mgonjwa na mfiwa wapikiwe uji huo laini wa shayiri, na amepokea kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba huupumzisha moyo wa mgonjwa. Nyumba ya Mtume ilimpa mgonjwa uji. Na tabibu Musa bin Maimun, Myahudi aliyetibu Misri katika zama za Sultani Salahuddin, aliandika kwa Kiarabu risala nzima juu ya pumu, na sehemu kubwa ya risala hiyo inahusu chakula. Watu wa kale walijua kwamba kifua hutibiwa jikoni pia.

Jiko la nyumbani

Afisa wa lishe aliyemwona mama yetu hakuanza na mikebe. Alianza kwa kuuliza, "Nani hupakua chakula nyumbani?" Jibu lilikuwa mama mwenyewe. Hata katika ugonjwa wake aliwapakulia wajukuu, akawapakulia wanawe, kisha akala kilichobaki chunguni, mara nyingi wali mkavu na mchuzi bila samaki. Kina mama wengi wa pwani hula hivyo, nasi twauita upole. Amri ya kwanza ya afisa yule ilikuwa mama apakuliwe kwanza, na kipande cha samaki kiwe chake.

Amri ya pili ilihusu uji. Vijiko vitatu vya unga wa wimbi, kikombe kimoja cha maziwa pamoja na maji kidogo, vijiko viwili vya mezani vya karanga zilizosagwa, na tende mbili zilizopondwa. Uji huo una zaidi ya kalori 400 na protini zaidi ya gramu 15. Gilasi ya unga wa mkebe kwa kawaida ina kalori 200 hadi 250 na protini gramu 8 hadi 10. Mkebe huongeza vitamini na madini ambayo uji hauna kwa ukamilifu, na una nafuu siku ambayo mgonjwa hawezi kutafuna kabisa. Lakini kwa nyumba yenye kipato kidogo, uji huo ndio msingi, na mkebe ni wa kujalizia.

Uji ule haunywewi kwa mara moja. Nusu kikombe asubuhi, nusu saa nne. Chakula cha siku kigawanywe mafungu matano au sita madogo. Mgonjwa apumzike kabla ya kula, akae wima, atafune polepole, na vinywaji aviache hadi baada ya chakula ili visijaze tumbo bure. Atumie dawa yake ya kufungua pumzi kama daktari alivyomwelekeza, maana mdomo hauli vizuri wakati kifua kinapigania hewa.

Wagonjwa waliokonda mara nyingi huelekezwa wapate protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa mtu wa kilo 41 ni kama gramu 50 hadi 60. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maziwa gramu 8, kipande cha samaki cha gramu 100 kilichopikwa huzidi gramu 20. Si hesabu isiyofikika. Dagaa waliosagwa hutiwa katika mchuzi. Bokoboko, chakula chetu cha sherehe, ni laini, lina nyama na ngano pamoja, na bakuli dogo lake lafaa sana kwa mgonjwa asiye na nguvu ya kutafuna. Kijiko kimoja cha mafuta juu ya wali, au tui zito katika mchicha, huongeza nguvu bila kuongeza ujazo. Pojo, kunde na mbaazi ni nzuri, ila zikimletea gesi apunguze, kwa kuwa tumbo lililovimba hubana pumzi. Mwenye ugonjwa wa figo, kisukari au moyo asifuate hesabu hizi mpaka daktari wake amruhusu.

Wengi humnyima mgonjwa wa kifua maziwa wakidai huzidisha makohozi. Uchunguzi haujaonyesha kwamba maziwa huyafanya mapafu kutoa makohozi zaidi. Yanachofanya ni kuchanganyika na mate yakawa mazito kinywani, na funda la maji baada yake latosha.

Na chakula peke yake hakijengi msuli. Msuli hujengwa kwa chakula pamoja na kazi. Hatua chache uani asubuhi na jioni, kusimama na kuketi kitini mara kadhaa, kwa kadiri pumzi inavyoruhusu na kwa ushauri wa mhudumu wa afya, ndivyo vinavyoufanya uji uwe nguvu.

Jawabu la swali la jelatini

Sasa nirudi kwenye swali la kijana yule. Jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, aghalabu ng'ombe au nguruwe, na siku hizi hupatikana ya samaki pia. Maulamaa wamehitilafiana juu ya kitu najisi kilichogeuka kabisa kuwa kitu kingine, jambo liitwalo istihala. Wako walioruhusu na wako waliokataza. Njia iliyo salama ni kuchagua kidonge chenye ganda la mimea au la samaki, au chenye alama ya halali inayotegemewa, au mafuta yale yale yakiwa ya maji katika chupa. Isomwe pia karatasi ya dawa za maji za kuongeza nguvu, kwani baadhi hutiwa kileo.

Ikiwa ni dawa ambayo mgonjwa anaihitaji kweli na haina mbadala, kwa kauli ya tabibu mwaminifu, mlango wa dharura upo na sheria haikuufunga. Lakini kidonge cha vitamini ambacho hakuna aliyepima kama kinahitajika hakifiki kwenye dharura. Nilimwambia kijana kwamba swali lililotangulia halali na haramu ya kidonge kile ni hili: je, mama anakihitaji? Daktari alisema hapana. Basi tukapumzika na ubishi wa ganda lake.

Saumu ya mgonjwa

Mama yetu alikuwa amefunga Ramadhani nzima akiwa na kilo arobaini na kitu, na hakuna aliyemzuia. Katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Mgonjwa ambaye hatarajiwi kupona, wanavyuoni wamesema hulisha maskini kwa kila siku aliyokula. Mwenye kujiangamiza kwa saumu ambayo Mola wake amemwondolea hakuongeza ucha Mungu. Kuhusu inhela mchana wa Ramadhani, maulamaa wa zama zetu wamehitilafiana kama inafunguza au la, na katika kauli zote mbili hakuna aliyesema mgonjwa aiache akadhurika.

Anayeruhusiwa na daktari kufunga aanze futari kwa tende na maji, kisha bakuli dogo, aswali, ndipo arudi kwa fungu la pili. Sahani iliyorundikwa mihogo ya nazi kwa mara moja itamkata pumzi. Daku asiiache.

Moshi uondoke kwanza

Lishe yote hii ni kujaza mtungi wenye tundu ikiwa moshi umebaki. Katika nchi za kipato cha kati na cha chini, Shirika la Afya Duniani lasema sigara huchangia asilimia 30 hadi 40 tu ya maradhi haya, na moshi wa majumbani ni miongoni mwa sababu kubwa. Jiko la mkaa lisiwashwe anapolala mgonjwa. Mwenye uwezo wa kubadili nishati abadili, na asiye nao atoe jiko uani na afungue madirisha.

Liko na jambo letu wenyewe, la chetezo. Udi na ubani ni ada yetu nzuri, lakini moshi wake ni moshi. Chumba cha mgonjwa wa mapafu kisifukizwe, hata siku ya maulidi, hata wageni wakija. Usafi na asmini zatosha.

Amana yetu

Nimemaliza na nyumba. Nimebakia na msikiti. Mgonjwa aliyekata tamaa huamini kila anayesimama karibu na kibla. Tangu siku ile, sisi wa msikiti wetu tumekubaliana kwamba hakuna atakayetangaza dawa wala kirutubisho baada ya sala. Udanganyifu katika biashara ni haramu, na kuuacha mlango wake wazi ni kushiriki. Pesa zilizokuwa zikichangwa kwa ajili ya mikebe sasa hununua kwanza inhela, kisha mayai na maziwa, kisha, kwa anayeandikiwa na afisa wa lishe, mkebe mmoja.

Nawe ulioko Ghuba au Ulaya ukimtumia mama yako mizigo, piga simu kwanza uulize mambo matatu: ana kilo ngapi mwezi huu, inhela yake imebaki kiasi gani, na nani anampakulia chakula. Huenda ukagundua kwamba pesa yako yahitajika kwa mvuvi na muuza maziwa.

Mama yetu hakupona, kwa kuwa ugonjwa huu hauondoki. Miezi minne baadaye ana kilo 44. Bado hapandi ngazi, na usiku mwingine hulala ameketi. Lakini wiki iliyopita nilimkuta barazani, amejifunga leso yake, akimfundisha mjukuu namna ya kukanda unga wa mahamri, huku mjukuu ndiye anayekaanga, uani, mbali na yeye. Aliniambia, "Mwanangu, sasa nala kabla yao, na hawajafa njaa."

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na atuongoze katika amana ya miili yetu. Amin.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.